Mbwa anatoa vipande kama mchele, watoto wake wametuna matumbo: dawa ipi, kipimo gani, mara ngapi?

Mlinzi_wa_Lango

Habari zenu wakuu. Nina mbwa jike wa kilo 18, ananyonyesha watoto watano waliotimiza wiki 4. Uzito wao ni kati ya kilo 1.4 na 1.8.

Mama anatoa vipande vyeupe vinavyonata kwenye manyoya chini ya mkia. Vikikauka vinageuka manjano na kuwa kama punje za mchele. Alishapewa pyrantel ya maji kwa kipimo cha kilo 18 kama lebo inavyoelekeza, lakini vipande vinaendelea kutoka kana kwamba hakupewa kitu.

Watoto nao matumbo yametuna, hata asubuhi kabla hawajanyonya. Mmoja ametapika mnyoo mweupe wa sentimita kama 10, umejikunja kama springi. Wananyonya vizuri na wanacheza. Kinyesi ni laini ila hakina damu.

Naomba kujua: kwa nini dawa haikumsaidia mama, watoto wapewe nini na kwa ratiba gani, na uani ambako watoto wa nyumbani wanachezea mchanga kusafishwe vipi? Viroboto wapo, si wengi.

SirinjiMoja

Mkuu, hapo una minyoo wa aina mbili tofauti, na dawa uliyotoa inagusa aina moja tu. (Majina ya dawa nayaacha kama yanavyoandikwa kwenye boksi ili usichanganye.)

Tuanze na mama. Hizo punje ni pingili za tegu, na kwa kuwa umetaja viroboto, huyo karibu kwa hakika ni Dipylidium caninum, tegu anayeenezwa na viroboto. Ukitaka kuthibitisha, chukua kipande kibichi kwa kibanio, kiweke juu ya karatasi nyeusi yenye unyevunyevu, utazame kwa dakika mbili tatu. Pingili hai hujivuta, hurefuka na kusogea yenyewe, mchele hausogei. Pyrantel inapooza misuli ya minyoo mviringo na ya minyoo safura, basi. Tegu haimgusi hata ukizidisha kipimo mara tatu.

Tegu anauawa na praziquantel, 5 mg kwa kila kilo ya mbwa, mara moja. Kilo 18 ni 90 mg. Vidonge vya 50 mg viwili vinatoa 100 mg, na ziada hiyo ni ndogo mno kuleta shida. Usikae ukingoja kuona mnyoo mrefu kwenye kinyesi: praziquantel huharibu ngozi ya tegu, naye humeng'enywa humo humo tumboni. Dalili ya ushindi ni pingili kukoma ndani ya siku chache.

Zikirudi baada ya wiki 2 au 3, usiilaumu dawa. Lava (mdudu mchanga aliyetoka kwenye yai) wa kiroboto hula mayai ya tegu, kiroboto akikua anambeba tegu mchanga ndani yake, mbwa akijikuna kwa meno anammeza kiroboto, na mzunguko unaanza upya. Viroboto washughulikiwe siku hiyo hiyo anapopewa praziquantel, vinginevyo utakuwa unanunua vidonge kila mwezi.

Vipo vidonge vya mchanganyiko: praziquantel 50 mg, pyrantel embonate 144 mg na febantel 150 mg, kidonge kimoja kwa kilo 10. Kwa mama huyo ni viwili. Faida yake ni kwamba vinachukua pia minyoo mjeledi. Soma maelezo ya ndani ya boksi kuhusu mimba: mchanganyiko wenye febantel mara nyingi huzuiwa kwa jike mwenye mimba, kwa hiyo hakikisha hajapandwa tena.

Sasa watoto. Huyo mnyoo aliyejikunja ni Toxocara canis, mnyoo mviringo wa mbwa, na hawakumtoa mchangani, walizaliwa naye. Lava wa mnyoo huyu hulala ndani ya misuli na viungo vya jike kwa miaka. Ikifika kama siku ya 42 ya mimba wanaamka, wanapita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwenye maini ya vijusi. Mtoto akishazaliwa wanahamia mapafuni, wanapanda hadi kooni, wanamezwa, wanakomaa kwenye utumbo. Wengine hupitia kwenye maziwa. Ndiyo maana hata jike aliyepimwa kinyesi akaonekana msafi huzaa watoto wenye minyoo, na ndiyo maana dawa huanza mapema mno kuliko watu wengi wanavyodhani: wiki ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8, kisha mara moja kila mwezi hadi miezi 6. Wako wana wiki 4, kwa hiyo wape leo na urudie baada ya wiki 2.

Kwa nini kurudia kila wiki 2? Kwa sababu dawa inaua waliopo utumbuni siku hiyo. Walio mapafuni na wanaoendelea kuingia kwa maziwa hawaguswi, na wiki mbili baadaye nao wamefika utumbuni. Ukirudia kabla hawajakomaa, hawapati nafasi ya kutaga.

Vipimo:

Pyrantel: 5 mg kwa kilo. Dawa ya maji yenye 50 mg kwa mililita ni 0.1 ml kwa kilo. Wa kilo 1.4 anapata 0.14 ml, wa kilo 1.8 anapata 0.18 ml. Hapo kuna mtego: 5 mg hizo ni za pyrantel yenyewe, si za chumvi yake. Miligramu 144 za pyrantel embonate (pamoate ni jina lingine la hiyo hiyo) zina karibu 50 mg za pyrantel. Lebo ikiandika embonate pekee, kipimo kinakuwa 14.4 mg kwa kilo. Anayechanganya hesabu hizi humpa mbwa theluthi ya dozi, kisha anasema dawa ni feki.

Au fenbendazole: 50 mg kwa kilo, mara moja kwa siku kwa siku 3 mfululizo. Ya maji ya asilimia 10 ina 100 mg kwa mililita, hivyo ni 0.5 ml kwa kilo kila siku. Wa kilo 1.6 anapata 0.8 ml. Ipewe pamoja na chakula au mara tu baada ya kunyonya. Siku moja pekee haitoshi, kwa sababu dawa hii inafanya kazi kwa kukaa muda mrefu na mnyoo, si kwa kumshtua.

Pima kila mmoja kwenye mzani wa jikoni, na upime upya kila awamu kwa sababu katika umri huu uzito unapanda kwa kasi. Tumia sirinji ya 1 ml isiyo na sindano. Tikisa chupa hasa, dawa hujikusanya chini: wa kwanza atapata maji na wa mwisho atapata tope. Ingiza ncha ya sirinji pembeni ya shavu, nyuma ya jino la chonge, kichwa kikiwa usawa, usukume polepole akiwa anameza. Ukimwinua kichwa na kusukuma hadi kooni, dawa inaingia mapafuni.

Mama apewe dawa ya minyoo mviringo siku hiyo hiyo na watoto. Yeye huwalamba na kula kinyesi chao, hivyo anameza mayai na lava wanaotoka humo na kuanza kutaga upya.

Angalizo la mwisho: mtoto mwenye minyoo wengi sana anaweza kuziba utumbo wakifa kwa pamoja. Anayetapika mfululizo, aliyelegea, au mwenye tumbo gumu linalomuuma likiguswa, aende kwa daktari wa mifugo kabla ya dozi yoyote.

Hadubini40

Yaliyosemwa hapo juu ni sahihi. Naongeza upande wa kupima, kwa sababu ndipo watu wanapodanganywa na majibu.

Kipimo cha kawaida ni kuelesha mayai: kinyesi kinakorogwa kwenye maji mazito ya chumvi au sukari, kinachujwa, mayai yanapanda juu na kushikwa kwenye kioo. Maji ya sukari yenye uzito linganifu wa kama 1.27, yakizungushwa kwenye mashine, hutoa majibu bora kuliko kuacha kikombe kikae mezani. Peleka gramu 3 hadi 5, yaani ukubwa wa kifundo cha kidole gumba, kibichi cha siku hiyo. Kama huwezi kufika haraka, weka kwenye friji, siyo friza. Kinyesi kilichoshinda juani au juu ya udongo kinaingiwa na minyoo wa ardhini wasio na uhusiano na mbwa, na mayai ya safura yanakuwa yameshaanguliwa.

Jibu la "hakuna mayai" lina maana tatu: hakuna mnyoo, wapo ila hawajaanza kutaga, au wapo ila mayai yao hayaeleki. Tegu yuko kwenye kundi la tatu. Dipylidium hutoa mayai yakiwa yamefungwa ndani ya pingili, kwa hiyo mwenye pingili mkiani anaweza kupata jibu safi maabara. Jicho lako ndilo kipimo.

Kundi la pili ndilo linaloua watoto. Minyoo safura, Ancylostoma caninum, hupita kwenye maziwa ya mama, na huchukua kama wiki 2 hadi 3 kabla ya kutaga. Wanaanza kunyonya damu kabla ya hapo. Mtoto wa wiki 2 anaweza kufa kwa kuishiwa damu na kinyesi chake kisionyeshe yai hata moja. Kwa hiyo usitazame kinyesi pekee, tazama ufizi. Pandisha mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole hadi upauke, achia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi mweupe kama karatasi, pumzi za haraka na kinyesi cheusi kama lami ni dharura. Hapo dawa ya minyoo pekee haitoshi, huenda akahitaji kuongezewa damu.

Tofauti na Toxocara, huyu ni mdogo, sentimita 1 hadi 2, na ni nadra kumwona kinyesini. Asiyeona minyoo asidhani hakuna.

Nisisahau minyoo mjeledi, Trichuris vulpis, wa mbwa wakubwa. Huchukua karibu miezi 3 tangu kumezwa hadi kutaga, na wanataga kwa vipindi, leo yapo kesho hayapo. Mbwa anayeharisha ute wenye michirizi ya damu mbichi, anapona wiki moja, anarudia, mfikirie huyu hata kipimo kikiwa safi. Pyrantel na praziquantel hazimgusi. Fenbendazole 50 mg kwa kilo kwa siku 3, irudiwe baada ya wiki 3, kisha tena baada ya miezi 3.

Na si kila mharo wa mtoto wa mbwa ni minyoo. Kuna koksidia na giardia (vijidudu vya utumbo), na kuna parvo (ugonjwa mkali wa virusi). Mtoto anayetapika, anayeharisha damu yenye harufu kali na aliyekataa kunyonya, usimpe dawa ya minyoo ukangoja kesho.

Mlinzi_wa_Lango

Ahsanteni sana. Ufizi wa wote watano ni wa waridi. Maswali mawili: jirani anayefuga ng'ombe ana ivermectin ya sindano, anasema tone moja mdomoni linamaliza kila kitu. Mwingine ananishauri kitunguu saumu kwenye chakula. Mnasemaje?

MkiaJuu

Mkuu, hilo tone liache hapo hapo kwa jirani. Piga hesabu. Ivermectin ya ng'ombe ya asilimia 1 ina 10 mg kwa mililita. Kiasi kinachotumika kwa mbwa kila mwezi kuzuia minyoo ya moyo ni mikrogramu 6 kwa kilo. Mbwa wa kilo 10 anahitaji mikrogramu 60, sawa na 0.006 ml ya dawa hiyo, kiasi ambacho hakuna sirinji ya nyumbani inayoweza kukipima. Tone moja lina kama 0.05 ml, yaani mikrogramu 500. Kwa mtoto wako wa kilo 1.6 hiyo ni zaidi ya mikrogramu 300 kwa kilo, mara 50 ya kipimo.

Mbwa wakubwa wengi huvumilia zaidi ya hapo, ndiyo maana jirani ameona "inafanya kazi". Lakini wapo wenye kasoro kwenye jeni ya MDR1, hasa jamii ya Collie na Australian Shepherd na machotara wao, ambao ubongo wao hauwezi kuisukuma dawa hii nje. Hao hudhurika kwa mikrogramu 100 kwa kilo au hata chini kidogo. Huwezi kuijua kasoro hiyo kwa kumtazama chotara usoni. Watoto wachanga nao kinga ya ubongo haijakomaa, na dawa za kinga zenye ivermectin kwa kawaida huanzia wiki 6. Dalili ni kupanuka mboni, kutoa mate, kuyumba, kutetemeka, upofu, kisha kuzimia kunakoweza kuchukua siku nyingi. Dawa ya kuitengua haipo. Ni kumtunza mpaka imtoke mwilini. Na baada ya hatari yote hiyo, tegu wako bado yupo, kwa sababu ivermectin haimuui tegu.

Ukiwa kwenye duka la dawa za mifugo, kuna mbili nyingine watu hukimbilia. Albendazole inajulikana kudhuru uboho wa mbwa na kushusha chembe za damu; fenbendazole ni ya familia hiyo hiyo na ni salama zaidi kwao, hakuna sababu ya kuchukua ya kwanza. Levamisole nafasi kati ya dozi na sumu kwa mbwa ni finyu mno. Zote hizo ni dawa nzuri, kwa mnyama mwingine.

Kitunguu saumu hakitoi minyoo. Kikizidi huvunja chembe nyekundu za damu, na kama mbwa ana safura, damu ndiyo hiyo hiyo anayoikosa. Tumbaku ni sumu ya moja kwa moja. Mbegu za papai na majivu huwa tunazisikia. Mbwa akitoa mnyoo mmoja baada ya kuzila, watu husahau kwamba minyoo mviringo huchomoka wenyewe mara kwa mara bila kupewa chochote.

Kwa kuwa minyoo ya moyo imetajwa: hao, Dirofilaria immitis, hawamo kwenye vidonge vya utumbo tunavyozungumzia. Huletwa na mbu, hukaa kwenye mishipa mikubwa ya mapafu na moyoni, jike hufika sentimita 25 hadi 30. Mahali wanapopatikana, kinga ni ya kila mwezi na inaua lava walioingia mwezi uliopita, si wakubwa. Mbwa mzima apimwe damu kabla ya kuanza, kwa sababu akiwa na lava wengi kwenye damu, dozi ya kwanza inaweza kumpiga mshtuko. Kipimo hakionyeshi maambukizi mapya. Inachukua kama miezi 6 tangu kuumwa na mbu. Kutibu wakubwa ni kazi ya daktari kwa sindano maalumu, na mbwa hufungiwa apumzike kwa wiki nyingi, maana mnyoo anayekufa huvunjika vipande vinavyoziba mishipa ya mapafu.

Koleo_na_Ndoo

Swali la uani halijajibiwa, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko dawa.

Jambo la kujua ni kwamba yai la Toxocara likitoka halijawa hatari. Linahitaji angalau wiki 2 hadi 4 kwenye joto na unyevu mpaka lava akue ndani yake. Likishafika hapo linaishi ardhini kwa miaka. Lava wa safura ni kinyume: kwenye mchanga wa joto wenye unyevu yuko tayari ndani ya wiki moja au chini ya hapo, na anatoboa ngozi ya mguu bila kungoja kumezwa, ila jua kali na ukavu humuua. Kwa hiyo kuzoa kinyesi kila siku kunakata mizunguko yote miwili. Kuzoa Jumamosi kwa Jumamosi kunakata wa kwanza tu, tena kwa bahati, kwa sababu kinyesi laini cha watoto kitakuwa kimeshakanyagwa na kusambaa.

Zoa kikiwa kibichi, pamoja na udongo wa juu kidogo. Kifunge kwenye mfuko uende na taka, au kifukiwe kwa kina mbali na bustani ya mboga na mbali na maji. Usikiweke kwenye mbolea ya mboji; mboji nyingi za nyumbani hazifikii joto la kuyaua mayai.

Klorini unayopaushia nguo haiyaui mayai ya Toxocara. Inachubua utando wa nje unaonata, basi. Faida yake ni hiyo ya kufanya mayai yaachie sakafu na kusombwa na maji. Kinachoua ni joto. Sakafu ya saruji: kwangua, sugua kwa sabuni, suuza, kisha mwagia maji yanayochemka au tumia mvuke, halafu acha ikauke juani. Matandiko yafuliwe kwa nyuzi 60 au zaidi kila wiki, hiyo inachukua na viroboto. Watoto wa mbwa wakiwa bado wananyonya ni bora walale juu ya saruji au mbao zinazooshwa kuliko juu ya udongo.

Mchanga wa kuchezea ukishachafuka, hakuna dawa ya kuumwagia. Toa sentimita 20 hadi 30 za juu, weka mwingine, na ufunike kila jioni. Mfuniko huo huo unazuia paka wa mitaani, ambao nao wana Toxocara ya kwao. Watoto wa nyumbani wavae viatu, waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kila wakitoka mchangani, kucha ziwe fupi. Lava wa Toxocara akiingia kwa mtu hakui kuwa mnyoo mkubwa, anazurura mwilini na akifika kwenye jicho anaweza kuharibu uwezo wa kuona. Lava wa safura ya mbwa hutambaa chini ya ngozi ya binadamu na kuacha mstari mwekundu uliopinda unaowasha vibaya. Na Dipylidium humpata mtoto aliyemeza kiroboto, jambo rahisi kwa anayetambaa na mbwa sakafuni.

Viroboto: unaowaona mwilini ni sehemu ndogo; mayai, lava na vifukofuko vyao viko kwenye nyufa, mikeka na matandiko. Vifukofuko huvumilia kwa miezi, kwa hiyo utawaona wapya wakiibuka hata baada ya kunyunyiza. Endelea na kinga ya mama kila mwezi kwa angalau miezi 3. Kwa watoto wa wiki 4 tumia kitana chenye meno ya karibu na bakuli la maji ya sabuni la kuwazamishia. Dawa nyingi za viroboto haziruhusiwi chini ya wiki 8. Chagua ya mama ambayo lebo inaruhusu kwa anayenyonyesha, maana watoto watalamba kila kilichoko kwenye manyoya yake. Kama kuna paka ndani, epuka dawa za permethrin: zinamuua paka.

Kuna tegu mwingine ambaye hana uhusiano na viroboto, na huyo ndiye wa kuogopwa: Echinococcus granulosus. Mbwa humpata kwa kula maini au mapafu mabichi ya mifugo yenye malengelenge ya maji. Ni mdogo, milimita 2 hadi 7, hutaona pingili kamwe, na mayai yake yanaambukiza binadamu papo hapo yakitoka. Kwa mtu hukua kama puto la maji kwenye ini au mapafu, polepole, kwa miaka. Mbwa anayefika machinjioni au kutupiwa matumbo mabichi apewe praziquantel kila wiki 6, kwa sababu tegu huyo huanza kutoa mayai karibu siku ya 45. Bora zaidi nyama ipikwe nyuzi 65 kwa dakika 10 hadi ndani, au igandishwe nyuzi 17 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima.

Bosi_wa_Banda

Mnazunguka sana. Mbwa wote, mchanganyiko kila mwezi, mwaka mzima. Unalala usingizi.

SirinjiMoja

Bosi, kwa baadhi ya mbwa ni sawa kabisa: anayewinda panya, anayekula mizoga, anayelala na watoto wadogo. Kwa mbwa mzima wa kawaida kiwango cha chini kinachopendekezwa ni mara 4 kwa mwaka, au kupima kinyesi mara hizo hizo na kutibu kilichoonekana. Lakini kila mwezi kwa wote, milele, tena kwa vipimo vya kukadiria, ndiyo njia ya kutengeneza minyoo sugu. Ancylostoma caninum wasiosikia pyrantel, fenbendazole wala ivermectin wameshathibitishwa Marekani kwa mbwa wa mbio. Mbwa akiwa na mayai ya safura baada ya dozi sahihi, apimwe tena siku 10 hadi 14 baadaye kabla hujabadilisha dawa. Kuna na jambo jingine linalofanana na usugu: lava waliolala kwenye misuli hurudi utumbuni kujaza nafasi ya waliouawa. Hao dawa inawaua wakifika, ila wanakuja tena, na tiba yake ni kurudia kwa ratiba.

Kwa jike huyu, mimba ijayo kuna cha kufanya mapema: fenbendazole 25 mg kwa kilo kila siku kuanzia siku ya 40 ya mimba hadi siku 2 baada ya kuzaa. Inapunguza sana lava wanaowafikia watoto wakiwa tumboni na kwenye maziwa. Ni dawa nyingi ya siku nyingi, hivyo tarehe ya kupandwa iandikwe na daktari aipange.

Mlinzi_wa_Lango

Vidonge vya praziquantel nimepata. Mama ni mjanja wa kutema, na akimeza huwa anatapika. Akitapika narudia?

MkiaJuu

Praziquantel ni chungu sana, ukikikata au akikitafuna ndiyo anatoa povu na kukataa. Kiache kizima. Mpe kwanza donge tupu la nyama, la pili lenye kidonge, la tatu tupu ukiwa umelishika mbele ya pua yake ili ameze la pili haraka. Asipokubali: shika taya la juu kwa nyuma ya chonge, fungua, weka kidonge katikati ya ulimi nyuma kabisa, funga mdomo, puliza puani taratibu au mpapase koo. Akilamba pua ameshameza. Mpe maji kidogo kwa sirinji ili kidonge kisikwame. Kufunga kula hakuhitajiki, na chakula kidogo kinapunguza kutapika.

Akitapika, chambua matapishi. Ukikiona kidonge kizima, ngoja tumbo litulie na umpe kingine pamoja na chakula. Kama umepita zaidi ya saa 2, usirudie, kimeshaingia. Katikati ya hapo, na hujaona kidonge, usikisie: mpigie daktari umwambie uzito, miligramu ulizompa na dakika zilizopita.

Baada ya hapo kagua chini ya mkia kila asubuhi kwa wiki 4. Pingili zikionekana wiki ya kwanza, huenda alitema bila wewe kujua. Zikionekana wiki ya tatu, rudi kwenye matandiko na kitana.